Kamera Mezani: Jinsi ya Kusimulia Kisinema Bila Kumgeuza Mchezaji Kuwa Mtazamaji

Msomaji mmoja anayeongoza mchezo wa kuigiza wahusika mezani, yaani mchezo ambao mwongozaji husimulia hadithi, kila mchezaji humwamulia na kumsemea mhusika wake, na dadu huamua yenye shaka, ameniletea swali ambalo nalieleza hapa kwa ufupi. Kwa miezi kadhaa amejitahidi kuufanya mchezo wake ufanane na filamu. Huandika maelezo ya kila onyesho kabla ya kikao, huyasoma kwa sauti iliyopangwa, huweka muziki, na mara kwa mara husema kwamba kamera inashuka polepole juu ya mji. Hata hivyo wachezaji wake watano hushika simu mara tu maelezo yanapoanza, na mmoja wao amemwambia kwa upole kwamba siku hizi anajihisi kama mtazamaji. Anauliza kama aachane na mbinu za sinema kabisa, au kama ipo namna ya kuzitumia isiyowaacha wachezaji nje.

Ndugu msomaji, usiachane nazo. Kwa jinsi ninavyolisoma swali lako, kilichokukwamisha ni kwamba umechukua kutoka kwenye sinema kile ambacho meza inakibeba kwa shida, yaani picha, ukaacha kile ambacho meza inakibeba kwa wepesi kuliko hata sinema yenyewe, yaani mkato, ule mruko wa ghafla kutoka onyesho moja hadi jingine. Filamu ikikuonyesha ukumbi wa kifalme kwa sekunde mbili, umeshaona nguzo, mapazia, walinzi na vumbi linaloelea kwenye mwanga. Wewe ukitaka kuyasema hayo yote kwa maneno utahitaji dakika nzima, na ndani ya dakika hiyo hakuna mchezaji anayefanya lolote. Lakini mtengeneza filamu akitaka kuruka siku tatu na kuhamia mahali pengine, humlazimu kuhamisha watu, taa na vifaa, ilhali wewe unahitaji sentensi moja tu: "Siku tatu baadaye, mlango wa gereza unafunguliwa."

Kuna tofauti ya pili, na hii ndiyo inayoamua kila kitu nitakachokieleza hapa chini. Mtazamaji wa filamu hajibu. Fanani wa hadithi simulizi angalau huona nyuso za hadhira yake na kupokea viitikio vyao. Mwongoza mchezo amepewa zaidi ya hapo, kwa sababu watu waliomzunguka ndio wenye wahusika wakuu na wao ndio wanaoamua hadithi ielekee wapi. Kwa hiyo mimi huipima kila mbinu ya kisinema kwa swali moja: inapoishia, je, kuna mchezaji ambaye sasa ana jambo la kuamua? Ikiwa yupo, mbinu imefanya kazi yake. Ikiwa hayupo, nimewaonyesha watu filamu ambayo hawawezi kuiona.

Inafaa kukumbuka kwamba sinema yenyewe haikuzaliwa na mkato. Filamu fupi ambazo ndugu Lumière walizionyesha Paris mwezi Desemba 1895 zilipigwa kwa kamera iliyosimama mahali pamoja, kila moja ikiwa chini ya dakika moja, bila kuunganisha kipande na kipande. Nguvu ya kuunganisha vipande ilieleweka polepole, na jaribio linalotajwa zaidi katika habari hii ni la mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov, aliyelifanya karibu na mwaka 1920. Alichukua uso uleule wa mwigizaji mmoja, usiobadilika, akauunganisha kwa zamu na sahani ya supu, na jeneza, na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa katika uso ule, kisha huzuni, kisha matamanio, na wakasifu ustadi wa mwigizaji, ingawa uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Maana haikuwamo katika picha yoyote kati ya zile. Ilizaliwa katikati yao, kichwani mwa aliyetazama.

Kwa mwongoza mchezo, hili lina thamani kuliko ushauri wowote juu ya sauti au muziki. Tuseme wahusika wako wamealikwa mbele ya gavana wa mji. Unaweza kuwaambia kwamba gavana ana uso wa hila na kwamba hapaswi kuaminiwa, na hapo utakuwa umewafanyia wachezaji wako kazi iliyokuwa yao. Au unaweza kusema hivi: "Gavana anawakaribisha kwa tabasamu. Anapozungumza, kidole gumba chake kinaizungusha pete yenye jiwe la kijani. Pete ya namna hiyo mliiona jana asubuhi, kwenye kidole cha maiti." Kisha unanyamaza. Usieleze neno zaidi. Utaona wachezaji wakitazamana, mmoja akifungua daftari lake la kumbukumbu, mwingine akiuliza kama pete ile ya jana bado wanayo. Umeweka vitu viwili ubavu kwa ubavu, na wao ndio waliovuta uzi kati yake. Na mtu akishavuta uzi kwa mkono wake mwenyewe, haangalii simu tena.

Sasa nije kwenye maelezo yale unayoyaandika. Sikushauri uyatupe, bali uyapunguze mpaka yabaki sentensi tatu au nne, na uyapange kama kamera inayosogea kutoka mbali kwenda karibu. Kosa la kawaida ni kuorodhesha: "Mnaingia katika ukumbi wenye nguzo kumi na mbili za marumaru, kuta zimepambwa kwa mazulia mekundu, dari ina michoro ya vita vya kale, kushoto kuna ngazi, kulia kuna milango mitatu." Msikilizaji hawezi kujua kipi kati ya hivi kina uzito, kwa hiyo huviacha vyote. Linganisha na haya: "Ukumbi ni mkubwa kiasi kwamba hatua zenu zinarudi kama za watu wengine. Mwisho kabisa kuna meza moja ndefu yenye mishumaa. Mshumaa mmoja umezimwa sasa hivi. Moshi wake bado unapanda." Sentensi ya kwanza imetoa ukubwa wa mahali kwa njia ya sikio, ya pili imeliongoza jicho, na ya tatu imekaribia mpaka kwenye kitu kidogo ambacho kinadai kufanyiwa jambo. Nguzo na michoro zitatajwa mchezaji akiuliza, na akiuliza atasikiliza jibu, kwa kuwa ni yeye aliyelitaka.

Neno "kamera" lenyewe lina mahali pake. Mimi hulitumia kufungua onyesho na kulifunga, kwa sababu katika nyakati hizo wachezaji wako tayari kuwa nje kidogo ya wahusika wao na kuitazama hadithi kwa jumla. Katikati ya tukio, hasa katika mapigano au mazungumzo yenye uchungu, huliacha kabisa. Ukimwambia mchezaji kwamba kamera inauona upanga ukishuka juu yake, umemtoa ndani ya mwili wa mhusika wake na kumkalisha kwenye kiti cha ukumbi wa sinema, ukimwambia "upanga unashuka, unafanya nini?", umembakiza ndani. Nashuku kwamba mchezaji wako yule, alipolalamika kwa upole, alikuwa akilieleza jambo hili bila kupata jina lake.

Mkato wenyewe huanza na kujua onyesho lipo kwa ajili gani. Kabla ya kulifungua, jiulize linabeba swali gani: je, mlinzi atakubali hongo? Je, ndugu hawa wawili watasameheana? Ingia karibu kabisa na mahali swali linapoanza kuuma, na swali likijibiwa, ondoka. Hakuna haja ya kuigiza safari ya kwenda sokoni, kumsalimu kila mwenye duka, na kurudi, ikiwa shauku ya watu wote mezani iko kwenye kile kitakachosemwa na muuza silaha mmoja. Waongoza mchezo wengi hukata kwa kuchelewa kwa sababu wanaogopa kumnyima mtu nafasi ya kusema. Dawa yake ni kutangaza mkato kabla ya kuufanya: "Nataka tukate hapa. Kuna mwenye neno la mwisho?" Swali hilo huchukua sekunde tatu, na mara nyingi hilo neno la mwisho ndilo linaloipa onyesho kilele chake.

Mbinu ya kuanzia katikati ya tukio ni ya zamani katika michezo hii. Mchezo wa Star Wars uliotolewa na West End Games mwaka 1987 ulikuwa na hadithi zilizoanza wachezaji wakisomeana mazungumzo mafupi ya wahusika wao, huku hatari ikiwa tayari imewafikia. Faida yake ni wazi, lakini ina gharama ambayo haitajwi vya kutosha: ukianza na wahusika wakiwa wamefungwa minyororo, umeshaamua kwa niaba yao kwamba walikamatwa. Ninachofanya mimi ni kuwalipa wachezaji kwa uamuzi huo niliouchukua. Nawafungulia hadithi wakiwa juu ya paa la hazina usiku wa manane, kisha namuuliza wa kwanza, "Mlipandaje hadi hapa?" na wa pili, "Ni kitu gani kiliharibika njiani?" Sehemu niliyoiruka inakuwa mali yao, na majibu yao huwa na mambo ambayo nisingeyafikiria hata kwa kuandika usiku kucha.

Kundi likigawanyika, wengi huogopa, nami huona ndipo mkato unapong'aa. Wachezaji wawili wako juu wakifungua dirisha la chumba cha siri. Watatu wako chini wakila chakula na mwenye nyumba. Usimalize habari ya juu kwanza halafu ushuke. Kata kila baada ya dakika tatu au nne, na ukate mahali ambapo mtu anasubiri jambo. Mahali bora kuliko pote ni pale dadu inapotakiwa: mchezaji wa juu ameshika dadu mkononi ili ajue kama dirisha litafunguka kimya, nawe unasema, "Shikilia hapo hapo. Chini, mwenye nyumba anaweka kikombe mezani na kuinua macho kutazama dari. Mnasema nini?" Sasa watatu wa chini wanazungumza kwa bidii ili kumshughulisha mtu ambaye pengine hajasikia kitu, na wa juu anawasikiliza kwa makini kwa sababu usalama wake umo katika maneno yao. Tafuta pia kiungo cha sauti au cha umbo kati ya sehemu mbili: bawaba inalia juu, kiti kinalia chini, damu inadondoka juu, divai inamwagika chini. Kiungo kama hicho hakikugharimu chochote, na kinazifanya pande mbili zihisi kuwa ndani ya hadithi moja.

Kuhusu taharuki, maelezo ninayoyarudia mara nyingi ni ya mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock, aliyoyatoa katika mahojiano yake marefu na mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962. Watu wamekaa mezani wakizungumza na ghafla bomu linalipuka chini ya meza: hapo watazamaji wamepata sekunde 15 za mshtuko. Lakini wakionyeshwa bomu mapema, na saa ukutani, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanawapa dakika 15 za taharuki. Katika mchezo wa mezani, njia ya kulionyesha bomu ni onyesho la pembeni: unakata kwenda mahali ambapo wahusika wa wachezaji hawapo, unaonyesha jambo kwa sentensi chache, na unarudi. Wachezaji wanajua, wahusika hawajui.

Hapa naomba uwe mwangalifu, na nitaeleza kwa nini. Miaka kadhaa iliyopita niliwaonyesha wachezaji wangu, kwa onyesho la namna hiyo, kwamba mshauri aliyeaminiwa na wahusika wao alikuwa akimpelekea adui barua. Nilitarajia taharuki. Mchezaji mmoja, ambaye kwa vikao vingi alikuwa amejenga urafiki kati ya mhusika wake na mshauri huyo, alikaa kimya hadi mwisho wa jioni. Baadaye alinieleza kwamba nilimnyang'anya nafasi ya kugundua usaliti ule mwenyewe, na kwamba tangu dakika ile kila neno alilomwambia mshauri lilikuwa la kujifanya hajui. Maneno yake yalinigusa, na tangu siku hiyo nimejiwekea mpaka. Naonyesha kinachokuja, sionyeshi watu ni akina nani. Majahazi ya adui yanayokaribia pwani gizani, maji yanayopanda ndani ya handaki, jiwe la lango linaloanza kupasuka: haya yanaongeza taharuki bila kumlazimisha mtu kuigiza ujinga. Usaliti, utambulisho wa muuaji na siri ya familia huviacha vikae vilipo mpaka mhusika avifikie kwa miguu yake. Aidha, kabla ya kampeni kuanza, yaani hadithi moja ndefu inayochezwa kwa vikao vingi, waulize wachezaji kama wanayapenda maonyesho ya pembeni, kwani wapo wanaotaka kujua yale tu ambayo mhusika wao anayajua.

Mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kwenye jambo lililotokea kabla, ambayo wengine huiita kisengerenyuma, nayo inafanya kazi mezani, mradi iwe mkononi mwa mchezaji. Mfano ulio bayana zaidi ni Blades in the Dark, mchezo wa John Harper uliochapishwa mwaka 2017, ambamo wachezaji ni genge la wahalifu. Badala ya kupanga wizi kwa saa mbili, wanaingia kazini moja kwa moja. Kizuizi kikitokea, mchezaji anaweza kusimamisha wakati na kusimulia jambo alilolitayarisha kabla. Hulipa kwa pointi za msongo wa mawazo: sifuri kwa jambo la kawaida, 1 kwa jambo gumu kidogo au lenye bahati ndani yake, 2 au zaidi kwa matayarisho makubwa. Anachokisimulia hakiwezi kufuta kilichokwisha kuonekana: mlinzi aliyekwisha simama mlangoni atabaki mlangoni, lakini inaweza kufunuliwa kwamba juzi alipokea mfuko wa fedha. Ikiwa mchezo wako hauna sheria hiyo, unaweza kuiazima. Mpe kila mchezaji nafasi moja kwa kikao, na umtoze kitu chochote ambacho mchezo wako unakihesabu.

Mwendo wa polepole utumie kwa uchache mno. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, mchezo ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1974, raundi moja ya mapigano, ambamo kila mpiganaji hupata zamu yake, inawakilisha sekunde 6 tu, ilhali meza yenye watu watano yaweza kuichukulia raundi hiyo robo saa. Mapigano, kwa maana hiyo, tayari yanakwenda polepole kuliko filamu yoyote, na yanachohitaji kwako ni kasi: sentensi fupi, matokeo yanayoonekana, na zamu inayohama bila kusubiri. Hifadhi ule ukimya wa kusimamisha wakati kwa pigo moja katika kikao, la mwisho au la kuamua, na hata hapo usilisimulie wewe. Mwachie aliyelipiga aseme linaonekanaje.

Muziki ni msaada mdogo; wimbo mmoja wa kufungulia kikao unatosha. Giza la skrini, kwa upande mwingine, ni zana yenye heshima kubwa. Mateso, mapenzi na yote ambayo mtu mmoja mezani hataki kuyasikia yanaweza kufunikwa kwa pazia, onyesho likafungwa mlangoni na likafunguliwa asubuhi yake, bila yeyote kudaiwa sababu.

Nimeacha mwishoni jambo linaloligusa moja kwa moja lalamiko la mchezaji wako. Kamera huona uso tu, haiuoni moyo. Ukisema "unahisi hofu" au "machozi yanakulengalenga", umevuka uso wa mhusika ukaingia mahali pa mchezaji peke yake, na umempokonya kitu cha pekee ambacho sheria za mchezo humwachia bila dadu. Yaseme yote yaliyo nje: baridi, harufu ya moshi, jina la mama yake likitajwa na mtu asiyemjua. Kisha igeuze kamera kwake na umuulize inaona nini. Katika miaka yangu ya kuongoza mchezo sijapata swali linalofanya kazi kuliko hili, kwa kuwa mchezaji mnyamavu kabisa anaweza kulijibu kwa maneno manne, na maneno hayo manne huwa ndiyo picha ambayo kila mtu anaondoka nayo.

Kwa kikao chako kijacho, basi, andika sentensi tatu tu za kufungulia, zikiishia kwenye kitu kinachodai uamuzi. Panga mkato mmoja kati ya sehemu mbili, na usipange zaidi. Yaliyobaki yaandike kama maswali, kila swali likiwa na jina la mchezaji atakayeulizwa. Na onyesho la kwanza likifika mahali pazito, weka karatasi chini, mgeukie yule aliyekuambia kwamba anajihisi kama mtazamaji, na umuulize: "Kamera imekaribia uso wako. Inaona nini?"